Ufa wa Nani? Bima ya Dhima na Kasoro za Majengo

Mada iliyowasilishwa katika Ukumbi wa Halmashauri, kwenye mafunzo ya kamati za ujenzi wa shule na zahanati



Katika majalada mengi ya miradi hupatikana karatasi moja yenye nembo ya kampuni ya bima, imebanwa nyuma ya mkataba, baina ya mchanganuo wa gharama na barua ya kukabidhiwa eneo la kazi. Karatasi hiyo huombwa wakati wa zabuni, huwekewa alama ya vema na mjumbe anayekagua nyaraka, kisha husahauliwa. Hufunuliwa tena siku ambayo mvua za masika zimepenya kwenye paa la darasa jipya, na mwalimu mkuu amekuta dari imelegea na vitabu vimelowa kabatini. Hapo kila mtu huitazama kwa matumaini. Mkandarasi alikata bima. Basi bima na ilipe.

Jibu linalorudi kutoka kampuni ya bima mara nyingi huwashangaza wajumbe. Barua husema kwa ufupi kwamba kazi mbovu haifidiwi. Wajumbe hukasirika, mkandarasi huacha kupokea simu, na darasa hubaki na tundu lake hadi masika yanayofuata. Mada hii inahusu barua hiyo: ni wakati gani inasema kweli, ni wakati gani inasema nusu ya kweli, na ni jambo gani lililo katika uwezo wa kamati kabla barua hiyo haijaandikwa.

Yafaa kwanza kutenganisha karatasi tatu ambazo huchanganywa. Dhamana ya utendaji kazi hutolewa na benki au kampuni ya bima ili kumlinda mwajiri endapo mkandarasi atashindwa kutimiza mkataba. Bima ya kazi zote za ujenzi hulinda jengo lenyewe na vifaa vilivyopo eneo la kazi wakati ujenzi unaendelea, dhidi ya moto, mafuriko, wizi na ajali nyingine. Bima ya dhima ni ya tatu, nayo ndiyo inayozusha mabishano mengi zaidi. Hiyo humlinda mkandarasi pale watu wengine wanapomdai kwa sababu kazi yake imewajeruhi au imeharibu mali yao. Anayelindwa kwa hati hiyo ni mkandarasi. Kijiji, shule na mgonjwa wa zahanati hunufaika kwa kupitia kwake, pale dai lao dhidi yake linapothibitika.

Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey, Marekani, iliamua shauri ambalo hadi leo hutajwa kila mabishano haya yanapozuka. Mwenye nyumba alikuwa ameajiri kampuni iliyojulikana kwa jina la Stone-E-Brick ili isakafie baraza na kupiga lipu kuta za nje. Kazi ikawa na kasoro, mwenye nyumba akadai gharama za kuirekebisha, na kampuni ikaitaka bima yake ya dhima ibebe mzigo huo. Mahakama ilikataa, ikaeleza sababu zake kwa mfano ambao fundi yeyote wa hapa ataufahamu. Lipu ikibanduka, ikibadilika rangi au ikimeguka kwa sababu imepigwa vibaya, kuipiga upya ni gharama ya biashara ya aliyeipiga. Lakini lipu hiyohiyo ikiporomoka na kumwangukia jirani aliyesimama chini, au gari linalopita, hiyo ni ajali ambayo bima ya dhima iliwekwa kwa ajili yake.

Mantiki yake haihitaji elimu ya sheria. Mkandarasi aliyelipwa kuchanganya zege kwa uwiano uliotajwa, akapunguza saruji, kisha bima ikamlipa tena ili avunje na kujenga upya, hatakuwa na sababu ya kuchanganya vizuri mara ya pili. Ada ya bima ingepanda hadi mkandarasi mwaminifu ashindwe kuilipa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kampuni ya bima huisoma methali hiyo kwa namna yake: ufa ni wa aliyejenga, na kuuziba ni juu yake, ukuta ukimwangukia mpita njia, hapo ndipo pa kuja kuzungumza.

Laiti mambo yangekuwa mepesi hivyo kila mara. Baina ya lipu iliyobanduka na lipu iliyomwangukia jirani kuna eneo pana la mashaka, na humo ndimo mashauri yanamozaliwa.

Mfano mmoja unatoka London. Kituo cha treni za kimataifa cha Waterloo, kilichojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya treni za Eurostar ziendazo Ufaransa, kilikuwa na paa kubwa la vioo vilivyokazwa kwa joto. Kampuni ya Pilkington ndiyo iliyotengeneza vioo hivyo. Vichache miongoni mwake vilikuwa na kasoro ndani yake, vikapasuka vyenyewe. Hakuna aliyejeruhiwa, wala hakuna mali nyingine iliyoharibika. Hata hivyo abiria walipita chini ya paa hilo kila siku, na hapakuwa na njia ya kujua kwa macho ni kioo kipi kingefuata. Ilibidi kuweka kinga ili kipande kisimwangukie mtu. Gharama hizo zilidaiwa, Pilkington ikapatana na wadai wake, kisha ikaigeukia kampuni yake ya bima.

Mwaka 2004 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisema bima haikuwa na wajibu wa kulipa. Hati ilihusu uharibifu wa mali, na kituo hakikuwa kimeharibika. Kilikuwa kimewekewa vioo ambavyo baadhi yake vilikuwa vibovu tangu mwanzo. Kuwekwa kwa kitu kibovu ndani ya jengo, kwa peke yake, si kuliharibu jengo. Kwa wasikilizaji wengi uamuzi huo huonekana mkali, maana aliyeweka kinga alitenda jambo la busara kwa kuzuia ajali ambayo bima ingeilipia kama ingetokea. Ukali huo upo kweli. Mkataba wa bima huamuliwa kwa maneno yake, na mwenye kununua hulindwa kwa kadiri ya maneno aliyoyanunua.

Huenda mjumbe akajiuliza uamuzi wa London unahusiana vipi na darasa la kijijini. Uhusiano ni wa karibu. Tanzania ilirithi sheria itokanayo na hukumu za majaji wa Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu zilizotolewa huko baada ya hapo hazizifungi mahakama za nchini, lakini mawakili huzinukuu na majaji huzipima. Na hati za bima za ujenzi zinazotumika hapa mara nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa kufuata mifano ya maneno iliyotungwa Ulaya. Bati lililopigiliwa vibaya kwenye paa la shule linaweza kutazamwa kama kile kioo: ni bovu, ni hatari, lakini bado halijaharibu kitu.

Swali gumu zaidi huja bati hilo likishapitisha maji. Vitabu vilivyolowa ni mali ya shule, havikujengwa na mkandarasi, na ni rahisi kuona kwamba vimeharibiwa na kazi yake. Je, dari? Dari aliijenga yeye, kwa mkataba uleule. Je, ukuta ulioanza kuvimba? Huo pia ni wake. Jengo zima lihesabiwe kuwa kitu kimoja kilichojengwa vibaya, au lihesabiwe kuwa vitu vingi, kimoja kikiwa kibovu na kingine kikiwa kimeharibiwa na kile kibovu?

Kanada ilikutana na swali hilo kwa uchungu. Katika jimbo la British Columbia majengo mengi ya makazi yaliyojengwa katika miaka ya 1980 na 1990 yalianza kuvuja, maji yakiingia kwenye kuta na kuozesha mbao za ndani, hata familia zikabaki na mikopo ya nyumba zisizokalika bila matengenezo makubwa. Miongoni mwa makandarasi walioshtakiwa ilikuwa kampuni ya Progressive Homes, iliyojenga makazi ambayo baadaye yaliripotiwa kuharibiwa vibaya na maji. Kampuni yake ya bima ilianza kumtetea mkandarasi, kisha ikajitoa kwa hoja kwamba kazi mbovu si ajali, na kwamba sehemu moja ya jengo kuiharibu nyingine si uharibifu wa mali. Mahakama mbili za jimbo zilikubaliana nayo. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Kanada ilitengua. Ilisema kazi mbovu inaweza kuwa ajali ikiwa madhara yake hayakukusudiwa wala kutarajiwa, na kwamba maneno "uharibifu wa mali" katika hati ile hayakuwekewa mpaka wa mali ya mtu mwingine tu. Dirisha linalovuja likiozesha ukuta, ukuta umeharibiwa.

Miaka sita baadaye mahakama hiyohiyo iliamua shauri jingine linalofaa kusimuliwa kila penye mafundi, kwa kuwa kiini chake ni kazi ndogo kuliko zote. Jengo refu lilikuwa likikamilishwa mjini Edmonton. Mfanya usafi aliajiriwa kuosha vioo vya madirisha kwa malipo ya takriban dola 45,000. Alitumia zana na njia zisizofaa, akavikwaruza. Kuvibadilisha kuligharimu kiasi cha dola milioni 2.5. Safari hii hati iliyobishaniwa ilikuwa ya kazi zote za ujenzi, nayo iliondoa kwenye fidia gharama za kurekebisha kazi mbovu. Kampuni za bima zilisema kukwaruza vioo ndiyo hiyo kazi mbovu. Mahakama ilisema gharama ya kurekebisha kazi mbovu hapo ni gharama ya kuosha upya. Vioo vilivyokwaruzwa ni uharibifu uliotokana na kazi hiyo, na uharibifu huo ulifidiwa.

Ni vyema kushika tofauti hiyo, kwani ndiyo nusu ya kweli iliyotajwa mwanzoni. Barua inayosema "kazi mbovu haifidiwi" inaweza kuwa sahihi kuhusu bati, na isiwe sahihi kuhusu vitabu, madawati, jokofu la chanjo au mtoto aliyeteleza kwenye maji. Kamati inayopokea barua hiyo na kufunga jalada huwa imesamehe hata kile kilichostahili kulipwa. Hata hivyo Uingereza na Kanada hazikusema neno moja kuhusu sehemu za jengo lenyewe, na zipo hati zinazoondoa waziwazi kila kilichojengwa na mkandarasi huyo. Kwa dari na ukuta, hakuna anayeweza kuahidi jibu kabla ya kusoma hati.

Kuna pia ugomvi wa tarehe. Hati ya bima huishi kwa muda uliotajwa, aghalabu mwaka 1. Maji huingia ukutani kimyakimya. Yanaweza kuanza masika ya kwanza, yakaonekana kwa macho masika ya tatu, wakati ambapo mkandarasi amekwisha kuhamia kampuni nyingine ya bima. Ya kwanza husema hasara iligunduliwa baada ya hati yake kwisha. Ya pili husema hasara ilianza kabla ya hati yake kuzaliwa. Mwenye daftari la matukio ndiye anayepata la kusema hapo. Mwalimu mkuu aliyeandika siku alipoona doa la kwanza darini, na akapiga picha, ameisaidia halmashauri kuliko wakili atakayekuja miaka 2 baadaye.

Katika mambo yote yaliyo mikononi mwa kamati, barua ya madai ndiyo hupuuzwa zaidi. Katika lile shauri la Progressive Homes mahakama ilitazama madai yalivyoandikwa: ikiwa upo uwezekano kwamba yaliyodaiwa, yakithibitika, yataangukia ndani ya hati, bima ina wajibu wa kumtetea mkandarasi. Kamati nyingi huandika sentensi moja yenye hasira, kwamba mkandarasi amefanya kazi chini ya kiwango na arudi kurekebisha. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini imetaja kile tu ambacho bima hailipi. Barua iliyokamilika husema pia maji yaliingia tarehe gani, yaliharibu nini, vitabu vingapi, kabati la nani, darasa lilifungwa siku ngapi, na kama kuna aliyeumia. Asitaje mtu hasara ambayo haikutokea. Udanganyifu katika dai la bima unaweza kuangusha dai zima, nao ni kosa. Inatosha kusema ukweli wote badala ya robo yake.

Baadhi ya watu watauliza kwa nini kijiji kijishughulishe na utetezi wa mkandarasi. Mkandarasi mdogo anayelazimika kulipa mawakili kwa fedha za mfukoni hufunga ofisi, na ofisi iliyofungwa hailipi mtu.

Barua hiyo ipelekwe kwa mkandarasi mapema, nakala kwa Mkurugenzi Mtendaji na kwa mhandisi wa halmashauri, na mkandarasi atakiwe kuthibitisha kwa maandishi kwamba ameiarifu kampuni yake ya bima. Hati nyingi huweka sharti la taarifa ya mapema, na kuchelewa huipa kampuni sababu ya kukataa dai lililokuwa zuri. Vilivyoharibika visitupwe kabla mkadiria hasara hajaviona. Maji yanayoendelea kuingia yazuiwe, kwa turubai ikibidi, kwa kuwa mwenye mali ana wajibu wa kuzuia hasara isizidi. Lakini picha zitangulie turubai.

Kwa kuwa bima ya dhima haikuwekwa kulinda ubora, ubora hulindwa kwa njia nyingine, na njia hizo zimo ndani ya mkataba wa ujenzi. Sehemu ya malipo huzuiliwa hadi mwisho wa kipindi cha matazamio, ambacho mara nyingi ni miezi 6 au 12, ili mkandarasi awe na sababu ya kurudi. Kipindi hicho kikipita bila ukaguzi na fedha zikatolewa, kamati imeachia kamba aliyokuwa nayo mkononi. Jengo lililokabidhiwa wakati wa kiangazi halijajaribiwa. Ukaguzi wa mwisho ufanywe baada ya mvua kunyesha, hata kama mkandarasi ana haraka na sherehe ya uzinduzi imekwisha kupangwa.

Yote yaliyosemwa yanamhusu mkandarasi aliyesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 na mwenye hati ya bima. Madarasa na zahanati nyingi za vijijini hazijengwi hivyo. Hujengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo halmashauri au kamati hununua vifaa na kuajiri mafundi wa mtaani kwa malipo ya kazi. Utaratibu huo umepunguza gharama na umewapa vijana wa vijijini ajira; hilo halina ubishi. Lakini fundi wa mtaani kwa kawaida hana bima ya dhima, na mali yake yote pengine ni mwiko, pimamaji na baiskeli. Ukuta ukianguka, hakuna kampuni ya bima ya kuandikiwa barua, nzuri wala mbaya. Mzigo unabaki kwa aliyeajiri.

Si jambo la kinadharia. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Darasa la chumba kimoja si ghorofa, lakini ndani yake huketi watoto wengi kwa saa nyingi za siku. Penye fosi akaunti, basi, mhandisi wa halmashauri aone msingi kabla haujafukiwa, nondo kabla hazijamwagiwa zege, na kenchi kabla hazijaezekwa. Na malipo ya fundi yafuate hatua hizo. Halmashauri inaweza pia kuomba bei ya bima ya dhima kwa jina lake yenyewe, ikihusisha miradi yake yote ya mwaka katika hati moja.

Mgogoro na kampuni ya bima ukishindikana kwa mazungumzo, upo mlango wa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inayopokea malalamiko dhidi ya kampuni na mawakala. Mahakama hubaki kuwa njia ya mwisho. Popote dai litakapopelekwa, kitu cha kwanza kuulizwa ni hati kamili ya bima, yenye kurasa zote pamoja na orodha ya mambo yasiyofidiwa. Ile karatasi moja yenye nembo haitoshi. Hati hiyo iombwe kabla mkataba wa ujenzi haujatiwa saini, isomwe mbele ya mwanasheria wa halmashauri, na nakala yake iwekwe kwa Mtendaji wa Kata, katika jalada moja na picha, daftari la mvua na hati ya makabidhiano.